Kamera Tatu kwa Ngoma Moja

Kamera za video zote zimetengenezwa kwa mkono wa kulia. Hilo sikulijua mpaka nilipoingia dukani kutafuta ya kununua, mimi mwanamke wa miaka hamsini na kitu, darasa la nne sikulimaliza, na mkono wangu wa kulia una vidole viwili. Kidole gumba kipo, na kile kidogo cha mwisho kipo. Vitatu vya katikati vilibaki Kizota, kwenye mashine ya kukamua alizeti.

Naanza na hapo ili lisije likaniudhi huko mbele. Watu wakisimulia habari ya mkono wangu husema, "Alipata ajali." Mimi sikupata chochote. Mkanda wa ile mashine ulikuwa na kinga ya bati. Mwenye kiwanda aliamuru itolewe, kwa sababu kila mkanda ukikatika ilikuwa lazima kufungua kinga na kuifunga tena, na msimu wa alizeti watu wamejipanga na magunia yao hawataki kusubiri. Msimamizi ndiye aliyeifungua kwa spana. Nilimwona. Akaiegemeza ukutani karibu na mashudu. Haikupita wiki mbili, mkanda ukanivuta. Mwenye kiwanda alipoulizwa alisema nilikuwa napiga soga. Msimamizi alipoulizwa alisema hakumbuki kama kinga iliwahi kuwepo. Majina yao siyaandiki hapa, lakini ni wao wawili. Si mkanda, si bahati mbaya, wala si mapenzi ya Mungu kama alivyosema mtu wa kwanza kuja kuniona kitandani. Mungu hakushika spana.

Haya, hilo limekwisha. Tuingie kwenye kamera, maana habari yenyewe ni ya kuchekesha.

Mimi nilikuwa mpiga muheme. Muheme ni ngoma yetu wanawake wa Kigogo. Unaibana kwa mapaja, umesimama, unaipiga kwa viganja na vidole. Kikundi chetu cha Nkuhungu tunaitwa kwenye maharusi na kwenye sherehe za watu, na tunavaa khanga za sare. Tangu mkono uharibike nilibaki kikundini kama mtu wa kuimba na kupiga vigelegele. Nilidhani inatosha. Koo langu hakuna mashine iliyoligusa.

Mwenyekiti wetu ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Siku moja baada ya mazoezi akatutangazia kwamba tumealikwa harusi Mlali. Mimi moyo ukaruka. Mlali ndiko nilikozaliwa, na mama yangu yuko huko mpaka leo. Hajaniona nikiwa na kikundi tangu vidole viondoke.

"Wametuletea gari moja tu," wifi akasema. "Na ngoma zenyewe zinataka nafasi. Kwa hiyo wanaopiga ndio wanaokwenda. Wanaoimba tu watatuombea safari njema."

Wanaoimba tu. Kikundi kizima, anayeimba tu ni mmoja.

"Wifi," nikamwambia, "si unitaje tu?"

"Nimetaja mtu mimi? Jamani, mmenisikia nikitaja mtu?"

"Mlali ni kwetu."

"Ni kwenu, nani amekataa? Utakwenda Pasaka."

Sijui maneno yalitoka wapi. Nikasema, "Mimi nitachukua video."

Si kwamba nilikuwa naropoka moja kwa moja. Watu wakitaka kutualika huuliza kwanza, "Mna video?" Nasi hatuna. Tuna vipande vya simu za watu, ambamo utaona kisogo cha mgeni mmoja na robo ya ngoma. Kikundi kingine cha ng'ambo ya reli wana video nzuri, na ndio wanaochukua maharusi makubwa. Wote pale walijua hivyo. Kwa hiyo hawakucheka mara moja.

Kisha wifi akauliza, "Kwa mkono upi?"

Hilo nalo naliandika. Alisema yeye, mbele ya watu, akiwa ameshika kikombe cha chai yangu.

"Wewe tazama video, usitazame mkono," nikamjibu.

"Sawa. Ilete kabla ya safari. Tukiona inafaa, kiti kipo. Isipofaa, sitaki kusikia tena habari ya Mlali."

Ndivyo nilivyoanza kutafuta kamera. Binti yangu alinishangaa. "Mama, si utumie simu yangu?" Nikamwambia alete niijaribu. Simu naibana kwa vidole viwili kama koleo, ikifika ubeti wa tatu inateleza. Na ncha ya kidole gumba changu ngozi yake ilikufa; nikigusa kioo cha simu ni kama nimemgusa mtu aliyelala. Hajibu. Halafu katikati ya wimbo simu ikaita, ni mtu anamwuliza binti yangu kama mchele umefika. Nikamrudishia. Nilitaka kitu chenye vitufe, kitu kisichopokea salamu.

Nilikuwa nimeuza mbuzi wangu watatu, na mnadani sijawahi kununua wala kuuza mbuzi kwa kuambiwa. Namshika mgongo, namfungua mdomo, namtembeza nione anachechemea au la. Kisha naenda kwa wa pili, na kwa wa tatu, ndipo narudi kwa yule niliyempenda na kujifanya simpendi. Nikaona kamera nazo zitapimwa hivyohivyo. Ngoma ileile, wimbo uleule, mpigaji yuleyule, halafu tuone ipi imesikia vizuri na ipi imeona vizuri.

Mpigaji alikuwa shoga yangu, jirani tunayepakana naye ukuta, ambaye ndiye mwenye ngoma kubwa inayoongoza. Akaibeba kichwani mpaka mjini.

Duka la kwanza lilikuwa la vioo vitupu, na ndani kuna baridi ya mashine. Dada wa duka alikuwa na kucha ndefu zenye nakshi. Alipotuona akasema kwa upole, "Shikamooni mama zangu. Hiyo ngoma mnaweza kuiacha nje."

"Marahaba," shoga akajibu. "Ngoma ndiyo mteja. Mimi nimeisindikiza."

Akatuonyesha kamera mpya, ndogo kama kikombe cha kahawa, inang'aa. Ukiishika hutaki kuirudisha. Ila ilikuwa ya kugusa kioo, na nimeshasema habari yangu na vioo. Nikaibana kwa mkono wa kulia na kugusa kwa wa kushoto. Shoga akabana ngoma kwa mapaja katikati ya mafriji, akapiga. Wateja wakageuka. Mlinzi akaingia kuona kuna nini, akabaki.

Tulipoitazama, sauti ilikuwa kama mtu anakanyaga makopo. Muheme una mlio wa chini kabisa, unaoingia tumboni. Ile kamera ndogo haikuwa na tumbo. Lakini ubaya zaidi ulikuwa picha. Ilikuwa inaruka juu na chini mpaka kichefuchefu.

"Hii mbovu," nikasema.

"Siyo mbovu, Mama. Ulikuwa unacheza."

"Nani, mimi? Nilisimama kama nguzo ya umeme."

"Mama, hata sasa unacheza."

Nikajitazama. Shoga alikuwa anagusagusa ngoma kwa vidole huku akisubiri, taratibu tu, na mabega yangu yalikuwa yanakwenda. Kiuno nacho kilikuwa kinaitikia. Mlinzi akacheka mpaka akashika mlango.

Hapo ndipo nilipojua shida yangu si mkono peke yake. Tangu nikiwa mtoto mgongoni kwa mama nimesikia muheme kupitia mbavu zake. Nikisikia ngoma, mwili haungoji ruhusa. Nyumbani nilijaribu kujizuia. Niliegemea ukuta nikamwambia shoga apige. Ukuta ukanikwaruza mgongo. Nilikaa kwenye kiti, kiti kikaanza kugonga sakafu. Shoga akasema, "Nikufunge kamba?" Akaniambia pia kwamba kama ningekuwa mtu wa Pwani ningekuwa na nafuu. Wao, alisema, hucheza kiuno tu, mabega yametulia; alikuwa anacheka sana.

Kwa hiyo nikaongeza jambo jingine kwenye upimaji. Isikie ngoma, ikae mkononi, na imvumilie mtu anayecheza.

Kamera ya pili ilikuwa ya mpiga picha wa maharusi wa mtaani kwetu, aliyetaka kuiuza kwa sababu ameshahamia kwenye vifaa vipya. Ilikuwa kubwa, ya kuweka begani. Nilipoipandisha ilikaa kama mtoto wa miaka miwili. Na kweli, kwa uzito ule hata ukicheza haitikisiki. Inakubembeleza wewe. Sauti yake ilikuwa nzuri, nzito, ngoma ilitoka kama ngoma. Nikafurahi. Nikaona kiti changu cha Mlali hiki hapa.

Kumbe mbele ina mshikio, na kwenye mshikio kuna kitufe cha kuvuta picha karibu na kuirudisha nyuma, kinachotaka vidole viwili vya katikati. Nikaona nitajua la kufanya. Kisha shoga akauliza swali ambalo mimi nisingeliuliza.

"Inatumia memori kadi?"

"Inatumia kaseti," yule bwana akasema kwa sauti ya chini.

"Kaseti zinauzwa wapi siku hizi?"

"Zinapatikana. Ukitafuta." Akafungua droo akatoa moja. "Hii nakupa bure."

Nikaigeuza. Ina karatasi imeandikwa kwa kalamu, majina mawili na moyo katikati.

"Baba, humu si mna harusi ya watu?"

"Unarekodi juu yake tu. Inafutika."

"Nifute harusi ya watu?"

"Mama, wale walishaachana."

Tuliondoka tukiwa tumeshikana, maana shoga alikuwa hawezi kutembea kwa kicheko. Lakini ile kaseti ilinikaa rohoni. Watu waliachana, sawa, lakini siku ile walicheza, na mama zao walipiga vigelegele. Nisingeweza kuweka ngoma yetu juu ya vigelegele vya mama wa mtu.

Siku zikabaki chache. Wifi akikutana nami bombani ananiuliza, "Mpiga picha, hujambo?" Namjibu, "Sijambo mwenyekiti." Basi.

Duka la tatu liko nyuma ya soko, la vitu vilivyotumika vinavyotoka nje. Redio, feni, mashine za kushonea, waya zimefungana kama matumbo. Mwenyewe ni mzee wa mjini hapahapa, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, Mwislamu, ukoo wa Wanyamwezi waliokuja zamani na misafara wakabaki. Sisi na Wanyamwezi ni watani. Nilipomaliza shikamoo akaitikia marahaba, kisha akavua miwani akaifuta ili anione vizuri.

"Mgogo anatafuta kamera! Leo Dodoma mvua itanyesha."

"Wewe Mnyamwezi, babu yako alipita hapa na mzigo kichwani akaomba maji kwetu. Unafikiri alimaliza kulipa?"

"Alilipa! Mliwatoza hadi nguo waliyovaa. Ndiyo maana mimi niko hapa, babu alishindwa kurudi uchi." Akaita ndani, "Leteni kiti, wenye maji wamekuja!"

Akatoa kamera ya mkono ya ukubwa wa tofali la sabuni, nyeusi, imekwaruzika pembeni, ina kioo kidogo kinachofunguka kama dirisha. Upande wa kulia ina mkanda wa ngozi wa kupitisha mkono. Nyuma, mahali pa kidole gumba, pana kitufe chekundu. Nikautazama ule mkanda wa upande wa kulia. Mkono wangu wa kulia nimezoea kuuficha chini ya khanga ninapoongea na mtu nisiyemjua. Nikaona ujanja wangu hauwezi kukosa. Nikaipindua kamera juu chini. Sasa mkanda umekuja upande wa kushoto, na mkono wangu wa kushoto mzima ukaingia vizuri, gumba likakaa kwenye kitufe. Kwenye kile kioo kidogo niliona kila kitu sawasawa, watu wamesimama kwa miguu yao. Shoga akapiga, mimi nikachukua, nimejaa furaha.

Mzee akachomeka waya kwenye runinga yake. Shoga alikuwa ananing'inia kichwa chini kama popo, ngoma iko juu, na khanga yake kwa maajabu ya Mungu haidondoki.

"Haina shida," mzee akasema. "Mtawaambia watazamaji wageuze runinga."

"Au wasimame kwa vichwa," shoga akasema.

"Wagogo mnaweza."

Alipomaliza kucheka akanyoosha mkono. "Lete huo mwingine." Sikuutoa. "Mtani, lete mkono. Nimeshauona tangu ulipokaa, sitaki kuuchumbia."

Nikautoa. Hakuuliza umefanyaje. Hakusema pole. Akaupitisha kwenye ule mkanda wa ngozi, akaukaza, akaulegeza kidogo, akaukaza tena, kama fundi viatu anavyompima mtu. Kisha akaiachia kamera. Haikuanguka. Ilikaa kwenye kiganja changu, na kiganja ninacho. Kidole gumba kikatua chenyewe kwenye kitufe chekundu. Kitufe cha kusukuma, si kioo cha kubembeleza. Nikabonyeza, taa ndogo ikawaka.

"Vile vidole vitatu vya watu wengine," mzee akasema, "kazi yake hapa ni kukaa tu juu. Ila hiki cha kuvuta picha karibu, kiko juu hapa, utakigusa kwa mkono wa kushoto."

Nikamweleza kuhusu kucheza. Akatafuta ndani ya kamera, akasema kuna mahali pa kutuliza mtikisiko, akapawasha. Shoga akapiga. Mimi nikacheza waziwazi, sikujizuia tena, na mtani naye akatoka nyuma ya meza akaonyesha kwamba Wanyamwezi nao wana mabega. Tulipotazama, picha ilikuwa inakwenda, siwezi kudanganya. Lakini ilikuwa inakwenda kama mtoto aliyebebwa mgongoni, hairuki. Na ngoma ilisikika hadi tumboni.

Nikatoka nayo nje, kwa sababu harusi za kwetu ni uwanjani na upepo wa Dodoma mnaujua. Upepo ukaingia kwenye sauti ukanguruma kama lori. Shoga akanyofoa kipande cha sponji kwenye godoro la zamani lililokuwa nyuma ya duka, tukakifunga kwa mpira pale kamera inaposikilizia. Lori likaondoka.

Nikairudisha mezani nikasema sijaipenda. Mtani akasema hata yeye haiuzi kwa Wagogo. Tukatukanana mpaka tukapatana.

Jumapili baada ya ibada kikundi kikakutana uani kwa wifi kwa mazoezi ya mwisho. Nilisimama mbele yao, kamera mkononi, mkono nje ya khanga. Wakapiga wimbo wote tunaoufungulia. Nilivuta picha karibu kwa mkono wa kushoto, kisha mkono wa kushoto ukalazimika kushikilia kamera kwa chini, kwa hiyo picha ikabaki karibu vilevile. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia baadaye. Ukweli ni kwamba nilikuwa natazama vidole. Sijawahi kuvitazama hivyo tangu vyangu viondoke. Nilikuwa nakwepa. Sasa nilikuwa na kioo kidogo mbele yangu, na ndani yake vidole vya akina mama wote vinashuka na kupanda, na nilivitazama mpaka wimbo ukaisha.

Tukaingia sebuleni kwa wifi, mchana kweupe, mapazia yamefungwa ili runinga ionekane. Waya ukachomekwa.

Mikono. Mkono, mkono, mkono. Ngoma, mkono, bangili, mkono.

"Sura yangu iko wapi?" mmoja akauliza.

"Nimesuka nywele bure."

"Huyu nani sasa? Kucha hizi za nani?"

Wifi hakucheka. Akakaa vizuri kwenye kochi. "Wifi," akasema, "umeuza mbuzi watatu ukanunua mikono ya watu?"

Niliona gari linaondoka kwenda Mlali bila mimi. Nikainuka nizime, shoga akanishika khanga. "Acha. Subiri pale tunaposimama."

Kwenye wimbo ule kuna mahali ngoma zote zinanyamaza, pumzi moja tu, halafu ngoma kubwa inarudi na ngoma ya pili inaijibu papo hapo. Kwa muda mrefu mahali pale palikuwa panachechemea. Ngoma ya pili ni ya wifi, na kila mazoezi alikuwa anamgeukia shoga: "Unawahi, mama. Unawahi." Shoga alikuwa ameanza kuamini. Usiku alikuwa anahesabu pumzi.

Kwenye runinga ngoma zikanyamaza. Mkono wa shoga ukashuka, pa, mahali pake. Na mkono wa wifi haukuwepo kwenye ngoma. Ulikuwa kiunoni. Ulikuwa unakaza khanga. Ukaichomeka vizuri, ukaipigapiga, ndipo ukarudi kwenye ngoma, umechelewa.

Shingo zote zikasogea kwenye runinga.

"Rudisha," mtu akasema.

Nikarudisha. Pa. Khanga. Ngoma. Wimbo una mahali hapo mara tatu, na mara zote tatu ule mkono ulishuka kiunoni kama umeitwa.

Mwanamke mmoja akaanza kucheka ndani ya kiganja. Mimi nilikuwa namwangalia wifi. Nilikuwa namjua kwa miaka mingi na nilikuwa najua atakachosema. Nilishayasikia maneno ya namna hiyo kwa watu wakubwa kuliko yeye.

"Ni hii khanga," akasema. "Inalegea. Khanga za siku hizi..."

Mkono wake ulikuwa kiunoni, unaikaza. Akautazama ule mkono, akautoa taratibu, akauweka juu ya goti.

"Hapana," akasema. "Ni mimi. Shoga yetu hawahi. Mimi ndiye ninayechelewa, na nimemsumbua bure." Akamgeukia shoga akamwambia, "Nisamehe, mama." Kisha akanigeukia mimi. Hakusema habari ya mkono, lakini aliutazama bila kukwepesha macho. "Na wewe wifi, nisamehe."

Mimi nina orodha ya watu walionikosea, na wanaojua kusoma wameiona hapo juu. Kwenye orodha hiyo yote, wifi ndiye wa kwanza kusema, "Ni mimi." Nilitaka kumjibu kitu kikali nilichokuwa nimekitunza tangu siku ya chai. Nikakitafuta sikukiona.

"Kiti?" nikauliza.

"Kiti kipo. Ila wewe mwembamba, utapakata ngoma yangu." Watu wakapiga vigelegele. Akainua kidole. "Na Mlali uchukue na sura! Watu wamesuka."

Mlali tulifika kabla jua halijawa kali. "Mbukwenyi!" tukasalimia, wakaitikia uwanja mzima. Mama yangu walimwekea kiti mbele. Nilimwamkia, akaushika mkono wangu pamoja na kamera, akavigeuza vyote, akauliza kama hicho kitu kinauma. Nikamwambia hakiumi.

Wifi alikuwa amebana khanga yake kwa pini nne. Kabla hawajaanza akanipungia kutoka kule: "Wifi! Mikono yangu uione!"

Nilichukua sura za wote, moja moja. Nilichukua bibi harusi, nilimchukua mama akitikisa kichwa. Lakini wimbo ulipokaribia pale pa kusimama nikaivuta picha karibu, nikaiweka kwenye ngoma ya pili. Zikanyamaza. Pumzi moja. Pa, na pa, papo hapo, kama mlango na komeo lake, na mikono ya wifi haikwenda popote.

Sasa kila anayetaka kutualika tunamwonyesha video hiyo. Wengi huuliza kwa nini baada tu ya pale pa kusimama picha inaruka ghafla, mbingu, vumbi, miguu ya watu, mbingu tena, na kigelegele kinachopasua spika. Mtani wangu aliniambia anaweza kuikata sehemu ile ikatoka, nikakataa. Kamera haina kosa, wala mkanda wake, wala upepo. Ni mimi.